Shingo Upande

Ghorofani Mkuyuni, juu ya duka la vipuri,
napokea madai. Mwaka wa kumi na moja huu.
Dirisha langu linatazama mawe ya mlimani:
jiwe limekaa juu ya jiwe, halina kola,
halijawahi kuniletea fomu.

Jumanne, kwenye mteremko wa Igogo,
Noah ilibusu bajaji kwa nyuma.
Nasema ilibusu. Picha niliiona:
kioo cha taa kimepata ufa
mwembamba kama mwiba wa sato.
Polisi aliandika abiria wawili.
Kufika Ijumaa nina shingo sita mezani.

Sita, kila moja imefungwa kola nyeupe,
na kila kola ina doa la chai
mahali palepale, chini ya sikio la kushoto.
Wanaingia mmoja mmoja. Nje kwenye ngazi
nasikia velkro ikibanduka, krrr,
ikibandikwa kwa mwingine. Kimya.
Kisha hodi.

"Nikigeuka hivi," anasema Lugodisha,
"naona nyota." Na anageuka,
kunionyesha asivyoweza kugeuka.

Cheti kina muhuri. Maumivu hayana picha,
eksirei haioni kitu, na tabibu wa zahanati
ameandika neno refu lisilosomeka.
Bosi kapiga hesabu: wakili ghali, kesi ndefu,
tulipe, yaishe.
Nikaandika: ilipwe.
Yakaisha. Kwao.

Jumamosi nilishuka Mwaloni kununua dagaa,
nikamkuta Lugodisha na gunia kichwani,
shingo imesimama kama nguzo ya umeme.
Alipotua mzigo alinisalimia kwa kichwa,
mara mbili, chini juu, chini juu.
Sikusema neno. Mimi nani?
Mwaka ule wa harusi ya dada yangu
nilipitisha faili la shemeji, nikijua.
Mabati ya jikoni kwangu yalitoka humo.
Mvua ikinyesha, nayasikia yakihesabu.

Leo Jumatatu. Nyanzobe wa Igombe,
mwenye kirikuu cha kubebea dagaa,
miaka saba barabarani hajakwaruza hata ukwato wa mbuzi,
anafungua fundo la kanga, anapanga noti
zinazonuka ziwa.
"Mwaka jana zilitosha."
Imepanda, mama.
"Kwani nimemgonga nani?"

Natazama mawe.
Nimwambie nini? Kwamba bima ni mtungi mmoja,
wapo waliochota kwa ndoo usiku,
na asubuhi anatumwa yeye kisimani?
Kwamba ile kola yenye doa la chai
kainunua yeye, na hajaivaa hata siku moja?

Anafungua fundo la pili, lile la ada ya mtoto.
Analipa shingo upande.
Na katika shingo zote zilizopanda ngazi hizi mwezi huu
hiyo ndiyo ya kwanza niliyoiona imepinda kweli.

Ya pili ilikuja alasiri, bila kola, bila wakili.
Malimi, mlinzi wa ghala la pamba.
Lori lilimfuata nyuma, yuko juu ya baiskeli,
anasubiri kuvuka pale Nyakato.
Nilipomwita jina aligeuka na mabega yote,
polepole, kama mtu aliyebeba beseni la maji
lililojaa hadi ukingoni.
Bosi akachungulia mlangoni, akacheka:
"Shingo nyingine!"

Nikampa fomu. Akauliza
aandike wapi panapouma.
Nikamwonyesha kwa kidole.
Kisanduku chenyewe ni kidogo,
na kilishajaa kabla yake.